Kiwanja Isyesye au Ghorofa Mwanjelwa?

Kijana akianza kazi Mbeya, awe mwalimu, nesi au muuza vifaa vya simu pale Kabwe, ushauri wa kwanza anaopewa na wakubwa zake ni mmoja: tafuta kiwanja. Gari litasubiri, harusi inaweza kusubiri, kiwanja hakisubiri. Na kwa kuwa katikati ya jiji bei hazishikiki, ataelekezwa pembeni: Isyesye, Itezi, Iwambi, Igawilo, au avuke kabisa mpaka wa jiji aingie Mbalizi upande mmoja na Inyala upande mwingine. Kodi ya nyumba, anaambiwa, ni hela ya kutupa. Ukiwa na kwako, hata kama ni vyumba viwili visivyo na plasta, umeshakuwa mtu.

Kuna hoja nyingine, na hii husikika zaidi kwa maofisa mipangomiji na wahandisi wa maji. Wanasema jiji haliwezi kuendelea kutambaa, lazima lipande juu. Yajengwe maghorofa kwenye mitaa ya katikati kama Mwanjelwa, Sinde, Ghana na Majengo, watu wakae karibu na kazi zao, bomba moja lihudumie kaya nyingi, na mashamba ya Uyole yabaki mashamba.

Nina upande wangu, na ni vizuri niutaje mapema: naamini Mbeya inapaswa kujaza katikati kwanza, kwa majengo ya ghorofa tatu au nne, kabla ya kuendelea kupima viwanja vipya pembezoni. Lakini wengi wanaoitetea hoja hii wanaitetea vibaya. Wanamwona anayenunua kiwanja Isyesye kama mtu asiyeelewa mambo ya miji. Anaelewa sana, na tusipoelewa kwa nini anafanya hivyo hatutaweza kumpa kitu kingine akakikubali.

Tuanze na hela. Kwa watu wa kipato cha kawaida nyumba haijengwi kwa mkupuo. Mwaka huu mtu anachimba msingi na kuujaza mawe. Mwakani ananunua tofali za kuchoma, anazipanga kiwanjani na kuzifunika kwa majani ili mvua isizile. Akivuna viazi vizuri, au zamu yake ya kupokea mchezo ikifika, anapandisha kuta mpaka kwenye lenta, kisha anatulia. Akipata tena, anapaua. Anahamia ndani madirisha yakiwa yamezibwa kwa tofali na mlango wa mbele ukiwa wa bati, maana kila mwezi anaolala kwenye pagala lake ni mwezi ambao hajalipa kodi. Dari, plasta na marumaru vitakuja, hata kama ni baada ya miaka kumi. Haba na haba, na kweli kibaba kinajaa: nenda Ilomba au Nzovwe uone nyumba nzuri ngapi zimejengwa hivyo bila mkopo wa benki.

Ghorofa halijengwi hivyo. Huwezi kununua nusu ya nyumba kwenye sakafu ya tatu mwaka huu na nusu nyingine mwakani. Inauzwa ikiwa imekamilika, kwa hela kamili au kwa mkopo, na mkopo wa nyumba hapa kwetu una riba ya tarakimu mbili na unamtaka mtu mwenye hati ya mshahara. Mama anayeuza mitumba Mwanjelwa hana hati hiyo, ingawa kwa mwaka anaweza kuzungusha hela nyingi kuliko mwajiriwa. Kwake yeye kiwanja ndiyo benki inayomfungulia mlango.

Ndiyo pensheni yake pia. Uani atajenga vyumba vitatu vya kupangisha. Akiwa karibu na chuo kikuu cha MUST kule Iyunga atapata wanafunzi, na akiwa kando ya barabara atatoa fremu mbili za duka. Kati ya nyumba na uzio kuna chainizi, mnafu na majani ya maboga, na mahindi machache ya kuchoma msimu ukifika. Kuna banda la kuku, na kwa wengine ng'ombe wa maziwa mmoja au wawili. Mtu anayejua kwamba akizeeka hakuna mfuko wowote utakaomlipa hawezi kulitazama eneo la mita za mraba 600 kama anasa.

Halafu kuna msiba. Sijaona mchoro wa ghorofa unaoliwazia jambo hili, na kwa watu wa huku si dogo hata kidogo. Msiba ukiingia, nyumba inapokea watu kwa siku kadhaa. Turubai linafungwa uani, mafiga yanapangwa, masufuria makubwa yanaazimwa, akina mama wanalala chini sebuleni, wanaume wanakesha nje kwenye moto kwa sababu Juni na Julai baridi ya Mbeya haina huruma. Mzee wa Kinyakyusa akiuliza, "Nikifia kwenye ghorofa lenu, watu watakaa wapi?" hapaswi kuchekwa. Ni swali la usanifu, na msanifu anatakiwa alijibu.

Hizo ni hoja nzito, na yeyote anayetaka watu wakae juu juu lazima azibebe. Sasa twende kwenye gharama, kwa sababu haziishii kwa aliyenunua.

Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Mbeya Jiji na watu 385,279. Ya mwaka 2022 ikakuta 541,603. Ndani ya miaka kumi wameongezeka watu 156,324, zaidi ya asilimia 40. Wastani wa kaya nchini kwa sensa hiyo ni watu 4.3, kwa hiyo hizo ni kaya zinazozidi 36,000. Kila kaya ukiipa kiwanja cha mita 20 kwa 30 unahitaji karibu kilomita za mraba 22 za viwanja vitupu. Hapo hujakata barabara wala hujatenga shule, zahanati, soko na makaburi. Ukivitenga unapita 30. Jiji zima lina takriban kilomita za mraba 214, na sehemu kubwa ya hizo ni miteremko, mabonde ya mito na misitu. Kasi ikibaki hiyohiyo, mwaka 2032 watakuwa wameongezeka wengine 220,000 hivi. Watawekwa wapi?

Hesabu nyingine ni ya bomba. Chukua mtaa wenye viwanja vya upana wa mita 20, nyumba pande zote mbili. Kila kaya inabeba mita kumi za bomba, mita kumi za barabara, mita kumi za mtaro na mita kumi za waya wa umeme. Sasa kwenye kila kiwanja weka jengo la sakafu nne, kila sakafu nyumba mbili. Mita zilezile zinagawanywa kwa kaya nane, na kila moja inabeba mita moja na robo. Ndiyo maana mhandisi wa maji anaposikia viwanja vipya vimepimwa mlimani anashika kichwa. Maji ya Mto Kiwira yanaletwa ili kuongeza uwezo wa jiji, na hilo ni jambo jema, lakini maji yakishafika kwenye matenki bado yanapaswa kutembea hadi kwenye bomba la mwisho la Isyesye, na bomba hilo analilipia kila mtu kupitia ankara yake, hata yule wa Majengo ambaye nyumba yake iko hatua chache kutoka bomba kuu.

Mbeya ina shida nyingine ambayo miji ya tambarare haina. Imebanwa. Kaskazini kuna mlima Loleza na safu yake, kusini kuna milima ya Uporoto, na katikati ipo barabara kuu moja ya TANZAM, iliyojengwa kati ya 1968 na 1973 ili kuiunganisha Zambia na bandari ya Dar es Salaam. Jiji limejinyoosha kwenye barabara hiyo kuanzia Nsalaga na Uyole, kupitia Sae, Mafiati, Mwanjelwa, Kabwe na Soweto, hadi Iyunga, Iwambi na Mbalizi. Malori ya mafuta na ya shaba ya Kongo na Zambia yanapita hapohapo zinapopita daladala, bajaji, bodaboda na watoto wa shule. Kila nyumba mpya inayojengwa kwenye ncha mbili za mji inaongeza safari kwenye barabara hiyohiyo, kwa sababu kazi, soko kubwa, hospitali ya rufaa na ofisi nyingi ziko katikati.

Safari hizo zina bei. Tuseme bodaboda kutoka nyumbani hadi kwenye lami ni shilingi 1,000, na daladala ni 600. Kwenda na kurudi ni 3,200. Kwa siku 26 za kazi ni 83,200, na huyo ni mtu mmoja, watoto hatujawagusa. Kwa hela hiyo mtu anapanga chumba Mabatini na chenji inabaki. Kwa hiyo yule aliyekimbia kutupa hela ya kodi bado anaitupa, ila sasa anaitupa barabarani, pamoja na saa mbili za kila siku ambazo hazimo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Sasa barabara kati ya Nsalaga na Ifisi, kilomita 29, inapanuliwa kuwa njia nne. Naifurahia, imechelewa mno. Lakini uzoefu wa miji mingine unatufundisha kwamba barabara ikipanuliwa bila mpango wa ardhi, foleni hupungua kwa muda tu. Kinachofuata ni madalali. Shamba la Inyala ambalo jana lilikuwa mbali linakuwa "dakika ishirini tu kutoka mjini", linakatwa vipande, na baada ya muda njia nne nazo zinajaa.

Na ardhi inayokatwa ndiyo inayotulisha. Udongo wa ukanda huu, uliotokana na volkano za Rungwe na milima jirani, ni wa kujivunia. Si bure kwamba kituo cha utafiti wa kilimo kiliwekwa Uyole. Viazi vya Uporoto vinaliwa chipsi mpaka Dar es Salaam. Shamba la viazi linaweza kupumzishwa na likarudi kwenye uzalishaji, lakini likishamwagiwa zege halirudi tena. Mkulima anayeuza simlaumu, dalali anampa kwa siku moja hela ambayo viazi havimpi kwa misimu mitano. Mamlaka zinazoidhinisha matumizi ya ardhi yabadilike ndizo zinazotakiwa kujibu kwa nini shamba la daraja la kwanza linageuzwa viwanja wakati katikati ya jiji kuna nyumba za chini zinazokalia ardhi iliyokwisha kuwekewa maji na umeme.

Ardhi tambarare ikiisha, watu wanapanda mlimani. Aprili 2024, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima Kawetere iliporomoka na tope likafunika nyumba na shule kule Itezi. Hatari ya miteremko ile ilikuwa inajulikana, lakini kila mwaka nyumba zinasogea juu kidogo, kwa sababu kiwanja cha mteremkoni ndicho mtu wa kipato cha chini anachokimudu. Kwa hiyo tunapowaambia watu waende pembeni, tujue kwamba kwa maskini wa Mbeya pembeni maana yake mara nyingi ni juu mlimani au kando ya mto.

Mpaka hapa hoja ya kukaa kwa kubanana inaonekana imeshinda. Haijashinda, kwa sababu kubanana tunakokujua sisi ni kubaya kweli.

Ingia kwenye nyumba moja ya kawaida Sinde. Vyumba sita, vitatu kila upande, korido katikati. Kila chumba ni familia. Kitanda kimezungushiwa pazia, nyuma ya pazia kuna sofa, mbele ya sofa meza ya televisheni, chini ya meza ndoo za maji. LUKU ni moja kwa nyumba nzima, na kila umeme unapoisha unaanza ugomvi wa nani ana friji na nani ana pasi. Choo kiko uani, kimoja, kimechimbwa hatua chache kutoka ukuta wa jirani ambaye naye amechimba cha kwake. Bomba ni moja, na funguo anayo mwenye nyumba. Usiku wa Julai mtu anaingiza jiko la mkaa ndani na kufunga dirisha, na hewa ile inaua. Mtu aliyekulia humo akikwambia anataka uzio wake na choo chake, ana haki zote. Kwake kukaa karibu na soko kulikuwa na maana ya kukosa faragha, na kuugua tumbo kila mvua zikianza.

Tena kuna moto. Soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006 na wafanyabiashara wakaachwa mikono mitupu. Mitaa inayozunguka masoko yetu ina vichochoro ambavyo bajaji inapita kwa shida, sembuse gari la zimamoto. Ukiongeza watu mara nne mahali pa namna hiyo bila kufungua barabara, unaongeza idadi ya watakaoungua.

Hofu ya ghorofa lenyewe nayo ina msingi. Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 2024 likaanguka jengo jingine Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakafa. Huko Dar es Salaam, penye wahandisi wengi na macho mengi. Sisi tuko kwenye Bonde la Ufa, mahali matawi yake yanapokutana, na Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la kipimo cha takriban 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa kuwahi kurekodiwa Afrika. Anayetaka minara ya ghorofa kumi na mbili Mbeya aanze kwa kutuonyesha nani atakagua nondo, zege na msingi, siku kwa siku.

Ndiyo maana nasema sakafu tatu au nne. Jengo la kimo hicho halihitaji lifti, na kwa hiyo umeme ukikatika bibi hakwami, wala wakazi hawachangishani kutengeneza mashine ambayo vipuri vyake viko mbali. Kitaalamu linasimamiwa kwa urahisi zaidi. Linaacha nafasi ya ua wa pamoja chini, na hapo ndipo jibu la yule mzee wa Kinyakyusa linapopatikana: ua mkubwa wenye sehemu ya kufunga turubai, jiko la nje lenye paa, bomba na vyoo vya wageni, unaotumiwa na kaya kumi na sita kwa zamu ya furaha na huzuni. Ukiuweka kwenye mchoro tangu mwanzo hauongezi gharama kubwa. Ukiusahau, watu watafanya msiba kwenye ngazi.

Hata hivyo katikati hapatajazwa kwa michoro mizuri peke yake, kwa sababu mfumo wetu wenyewe unasukuma watu pembeni. Angalia kodi ya majengo. Tangu Julai 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU: nyumba ya kawaida shilingi 1,000 kwa mwezi, na ghorofa mijini shilingi 5,000 kwa kila sakafu. Mwaka 2023 viwango hivyo vikapanda kuwa 1,500 na 7,500. Njia hii ni rahisi kukusanya, na hilo ni zuri. Lakini matokeo yake ni kwamba nyumba ya chini iliyotandaa kwenye ekari nzima inalipa sawa na kibanda cha vyumba viwili, wakati anayepanda juu ili kubana ardhi anatozwa mara tano kwa kila sakafu. Kweli, kodi ya pango la ardhi inaangalia ukubwa wa kiwanja, ila haifuti tofauti hii. Kama tunataka jiji lipande, tusilitoze faini kwa kupanda.

Kikwazo kingine ni urithi. Nyumba nyingi za Sinde, Majengo na Ghana zilijengwa na wazee ambao wameshatangulia. Leo ni mali ya ndugu sita: mmoja yuko Tunduma, mmoja Dar es Salaam, wawili hawaongei, na wa mwisho anakaa kwenye chumba cha mbele akikusanya kodi. Hakuna anayeweza kuuza, wala kukopa, wala kujenga. Hapa ndipo sheria ya mwaka 2008 inayoruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake ingeweza kuwa na kazi kubwa. Ndugu sita wangeingia na mjenzi, ardhi ikawa mchango wao, jengo la nyumba nane likasimama, wao wakachukua nne zenye hati na mjenzi akauza nne zilizobaki. Sheria ipo. Wanaoijua mitaani ni wachache, na sijaona halmashauri ikikaa na familia za namna hii kuwasuluhisha na kuwaelekeza. Kazi hiyo ingezaa nyumba nyingi kuliko kupima viwanja elfu porini.

Hapa lazima nionye. Kubomoa na kujenga upya kuna historia mbaya kwa wapangaji. Mwenye nyumba analipwa, mpangaji anapewa notisi. Addis Ababa, tangu katikati ya miaka ya 2000, imejenga nyumba nyingi sana za kondominiamu, yaani ghorofa ambamo kila kaya inamiliki nyumba yake, na kazi ile imewapa maelfu ya watu hati za nyumba. Lakini sehemu kubwa ilijengwa pembezoni, na waliohamishwa kutoka katikati wakajikuta mbali na vibarua vyao, kwenye ghorofa lakini na nauli ileile ya mtu wa pembeni. Hapo wamepata hasara za pande zote mbili. Magomeni Kota, Dar es Salaam, inaonyesha njia nyingine: kaya 644 zilizokuwa zikiishi kwenye kota za zamani zilirudishwa palepale kwenye maghorofa mapya yaliyozinduliwa Machi 2022. Ilichukua miaka, na wakazi waliteseka kusubiri, lakini walirudi mahali pao. Ile ilikuwa ardhi ya umma na hela ya Serikali, kwa hiyo haiwezi kunakiliwa kila mtaa. Kanuni yake ndiyo ya kunakili: waliokuwapo warudi. Wengine hupenda kuitaja Singapore, ambako karibu watu wanane kati ya kumi wanakaa nyumba za shirika la umma lililoanzishwa 1960. Ni mfano mzuri wa nia, ila nchi ile ndogo ilichukua sehemu kubwa ya ardhi mikononi mwa dola na ina mfuko wa akiba ambao wafanyakazi wananunulia nyumba. Mazingira yetu ni tofauti.

Kuna jambo linaloniumiza zaidi katika mjadala huu, nalo ni tabaka. Mbeya iliasisiwa mwaka 1927, na wakoloni wakaipanga kwa rangi za watu: Uzunguni viwanja vipana na miti, Uhindini biashara, Majengo Waafrika waliobanana. Uhuru ulikuja, majina yakabaki, na mpangilio ukabaki. Bado tunapima viwanja vya ujazo mdogo, yaani vipana vyenye nyumba chache, kwa wenye nacho na vya ujazo mkubwa, vidogo vilivyobanana, kwa wasio nacho. Barabara za lami, mitaro na taa vikafuata mstari huohuo kwa muda mrefu. Matokeo yake, mtu wa kawaida akisikia kukaa kwa kubanana anasikia kukaa kimaskini, na hakosei. Ndiyo sababu napendekeza majengo ya kwanza ya sakafu nne yajengwe kwenye mitaa ya Forest na Uzunguni, kwenye viwanja vile vipana vyenye nyumba moja ya zamani katikati ya nyasi, vingi vikiwa mali ya taasisi za umma. Maji yapo, lami ipo, hakuna mpangaji wa kufukuza. Walimu na manesi wakianza kuishi hapo kwa heshima, maneno ya watu wa Sinde kuhusu ghorofa yatabadilika.

Mjadala huu si wa Mbeya peke yake. Iringa inauhitaji zaidi ya inavyofikiri. Manispaa ile ilikuwa na watu 151,345 mwaka 2012 na 202,490 mwaka 2022. Mji wa zamani umekaa juu kilimani, Miyomboni, Makorongoni na Mlandege zimebanana, Gangilonga na Wilolesi zimejitandaza kati ya mawe makubwa, na barabara kuu inapita chini Ipogolo kando ya Ruaha Mdogo. Iringa bado inatembeleka kwa miguu: mtu wa Kihesa anaweza kushuka sokoni na kurudi bila nauli kama magoti yanaruhusu. Ni mali ambayo Mbeya imeshaipoteza, na Iringa itaipoteza pia ikiendelea kupima viwanja kuelekea Nduli huku Mlandege ikibaki na nyumba za chini na vyoo vya shimo. Njombe, Mafinga na Makambako ni miji midogo zaidi. Huko kazi kubwa kwa sasa ni kutenga barabara za mitaa kabla nyumba hazijafika, maana kufungua barabara baadaye kwa urasimishaji, kama inavyofanyika mitaa mingi ya Mbeya, kunamlazimu huyu avunje uzio, yule akate kibaraza, na majirani waache kusalimiana kwa sababu ya bikoni moja.

Kwa kijana mwenye akiba yake leo, siwezi kumwambia asinunue kiwanja Isyesye. Katikati hakuna anachouziwa, na akisubiri sera ibadilike bei itamkimbia. Ninachomshauri ni kukwepa mteremko na kando ya mto, kudai ramani ya upimaji kabla ya kutoa hela, na kupiga hesabu ya nauli ya miaka kumi pamoja na bei ya kiwanja. Madiwani na watendaji wa jiji ndio wenye deni hapa: viwanja vilivyokwisha kupimwa Isyesye na Itezi vipewe barabara, maji na shule, upimaji mpya kwenye mashamba ya Uyole usimamishwe, na katika bajeti ijayo watenge fungu la kujenga angalau mtaa mmoja wa sakafu nne Forest, wenye ua wa msiba na hati kwa kila mlango, ili mama wa mitumba naye awe na kitu cha kulinganisha na kiwanja.